Nimelifunika Gari Blanketi la Baba, na Bei Bado Inashuka

Mpendwa Bi Mwanahawa, shikamoo.

Naomba unisaidie, maana hapa nilipo nimezungukwa na watu wasioelewa biashara, na ukurasa wako huwa nausoma kila Jumapili nikitoka kanisani, na ingawa naona unavyowasema watu, naamini mimi hutanisema kwa sababu shida yangu si ya mapenzi wala ya kulogana, ni ya uchumi. Na jina langu litaje tu, usilifiche, huenda mnunuzi akasoma.

Naitwa Alen, mkulima na mfanyabiashara wa mboga hapa Lushoto, nina Fuso linalopeleka karoti na kabichi Dar es Salaam, na kabla ya mambo haya nilikuwa na mawili, nimeoa, mke wangu anaitwa Modesta, na tunaishi boma moja na baba yangu mzazi, Mzee Sefania, ambaye tangu mama afariki anakaa kwenye nyumba yake ndogo palepale uani. Baba alikuwa na shamba la mapeasi, lile la kwenye ukingo wa mlima ambapo ukisimama unaiona nyika yote kule chini, na akaja mtu anayetaka kujenga hoteli akataja bei ambayo kwa mapeasi usingeipata hata ungeyauza mpaka wajukuu wazeeke. Baba hakutaka, mipeasi ile aliipanda na marehemu mama, lakini mimi nilikaa naye nikamweleza kwamba fedha hiyo nikiizungusha kidogo nitamrudishia shamba kubwa mara mbili, akasema, "Haya, wewe ndiye unayejua mambo ya siku hizi," akaweka dole gumba.

Sasa Bi Mwanahawa usicheke. Fedha ile, pamoja na ya Fuso moja nililoliuza, nilinunulia gari. Si gari la kubeba watu, ni gari la mbio, toleo maalumu, kiwanda cha huko Ulaya kilitengeneza mia mbili tu kwa dunia nzima kikaapa hakitatengeneza tena, na ndani kuna kibati kinachokuambia la kwako ni la ngapi katika hayo mia mbili, na dalali wangu wa Dar, anaitwa Hashimu, kijana anayevaa saa mkono wa kushoto na nyingine mkono wa kulia, aliniambia, "Kaka Alen, hili usiliite gari. Hili ni shamba lisilohitaji mvua." Na neno hilo liliniingia, kwa sababu mimi nina ushahidi wangu tangu utotoni.

Nasikia wewe ni mtu wa Mombo, hapo chini ya mlima wetu, kwa hiyo unajua Sikukuu ya Mavuno kwetu Walutheri, watu wanaleta mazao mbele ya madhabahu na ibada ikiisha yanapigwa mnada pale nje. Mwaka mmoja wa ukame, mimi nikiwa mdogo, mjane mmoja alileta boga, boga lenyewe la kawaida tu, lina kovu ubavuni, lakini mwaka ule lilikuwa boga pekee, basi wanaume wakaanza kuligombania, huyu anataja, yule anapandisha, mpaka baba yangu akalichukua kwa bei ya mbuzi, mbuzi mzima Bi Mwanahawa, na mimi nikiwa nimesimama pale nikajifunza jambo ambalo shuleni hawakunifundisha, kwamba kitu kikiwa kichache bei yake haina dari. Sasa kama boga moja katika usharika mmoja lilifika bei ya mbuzi, magari mia mbili katika dunia nzima yatafika wapi? Piga hesabu mwenyewe.

Gari lilipanda mlima likiwa juu ya Fuso langu, limefunikwa turubai na pembeni tumepanga matenga matupu ya nyanya ili watu wasijue, maana kuliendesha lenyewe kutoka Dar kungeongeza kilometa, na kila kilometa inakula bei. Ila pale lami inapoishia kuna mtaro, na tumbo la gari lile liko chini kama la kenge, ikabidi niwaite vijana walinyanyue kwa mikono walivushe, kwa hiyo habari ya siri iliishia palepale kwenye mtaro.

Shida ya kwetu ni ukungu, wewe wa chini huujui, unaingia mpaka kabatini, na chuma unakitia kutu. Nyumba kavu kuliko zote hapa bomani ni ya baba, kwa sababu jiko lake la kuni halizimiki, na darini juu ya moto ndiko tunakoweka mahindi ya mbegu, moshi unayapitia mwaka mzima na mdudu hayagusi. Nikafikiri, kama moshi unalinda mbegu, utashindwaje kulinda gari? Nikabomoa ukuta wa mbele wa nyumba ya baba, nikaweka milango miwili mikubwa ya mbao, gari likaingia, na baba nikamhamishia kwenye chumba tulichokuwa tukiweka mbegu za viazi, ni chumba kizuri tu, kina dirisha, nikamnunulia na godoro jipya. Jioni huwa anakwenda kuota moto kule kwake, yaani kwa gari, anakaa kwenye kigoda pembeni, na mimi sijawahi kumkataza, nimemwomba tu asiliguse.

Turubai niliona linatoa jasho kwa ndani, kwa hiyo nikalivua nikalifunika gari mablanketi, mawili ya kwangu na Modesta, na moja la baba, jekundu, zito, ambalo wakwe wa dada yangu Klara walilileta kwenye mahari yake, maana kwetu mahari haijakaa sawa mpaka blanketi la baba wa binti lionekane. Hilo ndilo pekee linaloenea boneti. Majirani kwa sababu ya husuda wanaliita gari Mgonjwa, eti limelala siku zote, limefunikwa na limewashiwa moto, wakipita wanamwamkia baba, "Shikamoo mzee, Mgonjwa ameamkaje?" na baba badala ya kunitetea anawajibu, "Hajasema neno bado."

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Bei inashuka. Mwanzo Hashimu aliniambia soko limepumzika, baadaye akasema soko linavuta pumzi, halafu riba za benki za Ulaya zimepanda, halafu kile kiwanda kilichoapa kikatoa toleo jingine maalumu zaidi, machache zaidi, lenye bawa kubwa zaidi kwa nyuma, na wale waliokuwa wanalitaka la kwangu wakahamia huko, na mwaka uliofuata kikatoa jingine. Kila nikimpigia anasema, "Kaka, subiri kidogo." Akaja bwana mmoja kutoka Arusha mwenye fedha zake, akalizunguka gari, akafungua mlango, akaingiza kichwa, akakitoa upesi. "Kaka," akaniuliza, "humu mlikuwa mnabanika mahindi?" Kisha akaona panya wamekula waya wa taa moja ya mbele, akataja bei ambayo haifiki hata nusu ya lile shamba la mapeasi. Nilimkatalia, nikamwambia atajuta, akaniachia namba yake ya simu akasema nikijuta mimi kwanza nimpigie.

Na juu ya hayo baba naye ananichanganya. Ameomba mara kadhaa aketi ndani ya gari, aketi tu, eti kiti kinaonekana laini. Mara ya mwisho nilimwambia kwa heshima zote, "Tate, baba yangu, kiti kile kikipata mkunjo bei inashuka." Akasema, "Na mgongo wangu ukipata mkunjo, inashuka bei ya nani?" Nikaenda kukagua matairi, kwa sababu hilo si swali la kibiashara.

Pasaka alikuja Klara, dada yangu mdogo, ameolewa huko Magoma kwenye joto. Aliingia nyumbani kwa baba kumwamkia akalikuta gari. Akalishika lile blanketi jekundu, akauliza baba analala wapi, akaenda akakiona chumba, akarudi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuniamkia. Aliniambia, "Wakwe zangu walileta blanketi hili kwa ajili ya mgongo wa baba. Hawakulileta kwa ajili ya bati la Wazungu." Basi baba akasema mbele yetu sote, taratibu tu, kama mtu anayetaja siku ya gulio, "Mavuno yakipita nitashuka Magoma kwa Klara. Huko hata bila blanketi mtu analala."

Bi Mwanahawa, huyu ni mtu ambaye akishuka Mombo kwa shughuli anarudi siku ileile, anasema hewa ya chini inambana kifua, hajawahi kulala nyikani kwa hiari yake, na sasa anasema anahamia huko na hatarudi. Modesta naye amesema siku baba akishuka, yeye anakwenda kwao Lukozi, nibaki nimuuguze Mgonjwa wangu. Hanipikii kwa furaha tena.

Ninachoomba ni hiki: niuze sasa kwa hasara, au nisubiri bei ipande? Na baba nimwambie maneno gani ili asubiri pamoja nami? Mimi nampenda baba yangu, gari lenyewe nililinunua kwa ajili yake, na akiondoka watu watasema nimemfukuza. Na kama unajua dawa ya kutoa harufu ya moshi kwenye viti vya ngozi, tafadhali nitajie.

Ni mimi Alen, Lushoto.

*

BI MWANAHAWA ANAJIBU

Marahaba, Alen.

Jina nimelitaja kama ulivyoagiza. Msomaji yeyote anayetafuta gari la mbio, taa moja, harufu ya mahindi ya kubanikwa, halijawahi kwenda popote, ajue liko Lushoto, limelala sebuleni kwa mzee wa watu. Asisahau kubisha hodi.

Umesema unaamini sitakusema. Nani alikuambia hivyo, Hashimu?

Kabla hatujazungumza neno la uchumi, weka gazeti chini, nenda kwenye nyumba ya baba yako, vua lile blanketi jekundu kwenye boneti, likung'ute, lianike juani kama jua lipo, kisha lipeleke kwenye kile chumba chako kizuri chenye dirisha ulitandike juu ya godoro jipya. Nenda. Mimi nakusubiri hapa.

Umerudi? Gari limekohoa? Halikukohoa. Haya, tuendelee.

Wewe unasema una ushahidi wa boga. Mimi ni Mwislamu, lakini nimezaliwa na kukulia Mombo, na watu wenu wanaoshuka na mizigo nimewasikiliza kwa miaka mingi, habari za minada yenu nazijua vizuri kuliko unavyodhani. Nimempigia hata shoga yangu mmoja wa Kilutheri kuhakikisha, akacheka mpaka simu ikakatika. Hebu nikuulize, na ujibu kwa ukweli: Jumatatu iliyofuata, baba yako alilichukua lile boga akalipeleka sokoni kuliuza kwa bei ya mbuzi wawili? Alilifungia ndani akalifukiza moshi akisubiri bei ipande? Naweka rehani ushungi wangu kwamba lile boga halikulala kwenu. Mara nyingi mwenye kushinda mnada hulirudisha lipigwe mnada tena, au humpa mwenye shida zaidi yake, na kuhusu yule mjane aliyelileta, jaribu kukumbuka kama usiku ule alilala njaa. Baba yako alitoa bei ya mbuzi kwa sababu alikuwa anatoa. Wewe umesimama pale, mtoto mwenye macho mawili, ukaona watu wanatoa, ukadhani wanawekeza. Sijawahi kusikia mtu aliyetoka kanisani na fundisho lililopinda namna hiyo, na nimesikia mengi.

Sasa tuje kwenye hayo mia mbili yako. Umewahi kujiuliza wenzako mia moja tisini na tisa wako wapi? Nitakuambia. Mmoja yuko Dubai, gari lake liko kwenye banda lenye kiyoyozi. Mmoja yuko Ulaya, la kwake liko chini ya kitambaa cha hariri. Hakuna hata mmoja anayeliendesha, kwa sababu kila mmoja ana Hashimu wake aliyemwambia kilometa zinakula bei. Wote mlinunua ili muuze. Hakuna aliyenunua kwa sababu alitaka kwenda mahali. Kwa hiyo mko mia mbili, kila mtu na banda lake, mnamsubiri mjinga wa mia mbili na moja, na mjinga huyo amekwisha kununua lile lenye bawa kubwa zaidi. Uchache wa kitu haumpi mtu hamu nacho. Hata mimi nipo mmoja tu duniani, na bado mume wangu wa kwanza alikwenda zake.

Halafu unashangaa kiwanda kimevunja kiapo. Alen, mwanangu, wewe ni mtu wa kabichi. Mwaka ambao kabichi ilipanda bei, majirani zako walifanya nini msimu uliofuata? Walipanda kabichi mpaka kwenye makaburi. Na wewe ulipanda. Kiwanda kiligundua kwamba kuna watu wako tayari kulipa kwa ajili ya kibati chenye namba, kikaamua kupanda vibati. Jambo ambalo ungelinusa kwenye tenga la nyanya ukiwa umefumba macho, kwa gari umeshindwa kulinusa, na pua ya bwana wa Arusha imenusa yake kwa mara moja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. La kwako ni la ajabu, halijiuzi na halijitembezi.

Hashimu alikuambia ni shamba lisilohitaji mvua. Ni kweli kabisa, hakukudanganya hapo. Halihitaji mvua, halihitaji palizi, na halizai. Shamba linalohitaji mvua ulikuwa nalo, lilikuwa na mipeasi iliyopandwa na mama yako, na kila msimu lilikuwa linakupa kitu cha kutia mdomoni. Unasema bei ya gari inashuka kana kwamba ni maafa yamekupata kutoka mbinguni. Gari kushuka bei ndiyo kazi ya gari. Hata hiyo Fuso yako inashuka bei kila inapokanyaga kona za Soni, katikati ya kwenu na Mombo, lakini hulii, kwa sababu inashuka na karoti.

Nimesema ya ukali, sasa nikuambie na jingine. Ulipoandika kwamba gari ulilinunua kwa ajili ya baba yako, sikukucheka hapo. Nakuamini. Mtoto aliyemwona baba yake anapanda na kushuka mlima na mizigo maisha yake yote hutamani siku moja amrudishie kitu kikubwa, kikubwa sana, mpaka watu wasimame njiani. Tamaa hiyo haina aibu, na kushindwa biashara hakuna aibu pia, wameshindwa wenye suti. Aibu ni kwamba umekaa unasubiri kumpa shamba kubwa mara mbili, na huku nyuma umemnyang'anya ukuta, kitanda, moto na blanketi, na kiti ukamnyima. Mzee amekuwa mgeni anayekuja kuota moto nyumbani kwake mwenyewe, kwenye kigoda, na sharti juu yake asiguse mali. Halafu unaniuliza umwambie maneno gani ili asubiri pamoja nawe. Asubiri nini? Yeye umri wake hauna toleo jingine maalumu.

Unaogopa watu watasema umemfukuza. Wacha waseme, watakuwa wanasema kweli. Mimi ninachokiogopa ni kingine. Joto la huku chini mimi nimezaliwa nalo, linanijua na mimi nalijua. Mzee wa mlimani mwenye kifua kizito, aliyezoea ukungu na moto wa kuni, akiteremka Magoma kwa hasira, hawezi kulizoea. Klara atamtunza kwa mikono miwili, sina shaka, na kila jioni mzee atakuwa anakaa nje anaangalia mlima. Hilo ndilo lililo mezani, Alen. Bei ya gari ilikwisha kupotea siku uliyolipa. Baba bado hajapotea, ana mpaka Mavuno.

Kwa hiyo sikiliza, na usinijibu kwa barua nyingine, nijibu kwa vitendo.

Leo hii mpigie yule bwana wa Arusha. Mwambie umejuta wewe kwanza, kama alivyokuambia, na unaikubali bei yake. Akiipunguza tena kidogo kwa kukuonea, mkubalie, hiyo ni ada ya shule. Mwambie asipande mlima, akusubiri Mombo pale njia panda na gari lake la kubebea, mpatane siku, na siku hiyo iwe kabla ya Sikukuu ya Mavuno. Hashimu usimpigie. Akikupigia yeye, mwambie soko limelala na wewe hutaki kuliamsha.

Siku hiyo ikifika, asubuhi ukungu ukiisha kupanda, maana taa moja haitoshi kwa kona zile, waite tena wale vijana wakuvushie gari kwenye mtaro. Kisha nenda kwa baba yako, umwamkie vizuri, umfungulie mlango. Aingie na viatu vyake vya shamba, na matope yake yote. Aketi kwenye kile kiti laini akikunje anavyotaka. Usitandike gazeti. Ushuke naye taratibu mpaka Mombo, na mahali akitaka kusimama uangalie nyika naye, simama. Akitaka kupiga honi, apige, apige kijiji kizima kisikie kwamba Mgonjwa amepata nafuu. Kilometa zile chache za kushuka ndizo pekee ambazo kwazo gari hilo litakuwa limefanya kazi ya gari, na kama zitakula bei, acha ziile.

Ukiwa njiani mwombe radhi. Usimweleze habari za riba za Ulaya, hakukuuliza. Sema, "Tate, nimekosa," ukae kimya, uache mzee ajibu au asijibu. Ana haki ya kutojibu mpaka mfike chini.

Mombo mkabidhi yule bwana funguo zake. Fedha utakayopata usiizungushe, ina kizunguzungu tayari. Ya kwanza kabisa ijenge ule ukuta uliobomoa, matofali yaleyale kama yapo, na mlango mmoja wa kiasi cha mtu kuingia. Mzee arudi kwake, kwenye moto wake, chini ya mahindi yake ya mbegu, na kile chumba warudishie viazi. Itakayobaki haitanunua shamba la ukingoni, lile limekwenda, usimdanganye tena mzee kwa hilo. Nunua kipande chochote kidogo kilicho karibu ambacho anaweza kukifikia kwa miguu, kiandikwe kwa jina lake, upeleke miche ya mipeasi, na mashimo uchimbe wewe, kwa jembe, mbele yake, akikuambia unakosea. Huenda hatayala mapeasi yale. Baba yako anajua kutoa kitu bila kukila, ndiyo maana alinunua boga.

Klara naye ukamwamkie wewe, hata kama ni mdogo wako. Hutapungua. Na Modesta usimwambie kitu, muoneshe nyumba ya mzee haina gari ndani, furaha ya kupika itarudi yenyewe.

Harufu ya moshi kwenye ngozi haina dawa. Achana nayo, sasa ni harufu ya bwana wa Arusha.

Limebaki moja, nalo nimeliacha makusudi. Kabla hamjaondoka nyumbani siku hiyo, dereva wako atangulie Mombo na Fuso, awasubiri. Ndani ya Fuso, kwenye kiti, aweke lile blanketi jekundu. Mkishamaliza na yule bwana, mpandishe mzee mbele, kaa naye, mrudi mlimani kwenu. Huku chini hatalihitaji, kuna joto. Lakini mkifika Soni baridi inaanza. Hapo usisubiri aseme. Mfunike mwenyewe, kwa mikono yako, mpaka magotini.